Ukuta haufiki kwenye bati: tusome upya habari ya VENOM



Leo nataka tuhakiki sentensi moja, na sentensi yenyewe ni yangu. Iko katika TFC niliyoitetea mwaka 2019, kumaliza G3 ya informatiki. Niliiandika kwa Kifaransa kama tunavyofanya wote, hapa nawatafsiria: «Mashine pepe zinazokaa juu ya seva moja zimetenganishwa kabisa, kwa hiyo kinachotokea ndani ya moja hakiwezi kugusa nyingine wala seva yenyewe.» Niliiweka kwenye orodha ya faida, katikati ya kupunguza gharama na kupunguza umeme.

Juri iliniuliza mengi siku ile. Kwa nini pembeni mwa karatasi sikuacha nafasi ya kutosha, ipotezi yangu iko wapi, kwa nini sura ya pili ni fupi kuliko ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza: «Umejuaje?» Na kusema kweli, ningeulizwa ningenyamaza, juu sentensi ile niliitoa katika TFC ya mkubwa wangu mmoja, naye aliitoa kwa mwingine. Ilikuwa inapita mkono kwa mkono kama noti ya franka 500 iliyochakaa, ambayo hakuna anayeiangalia tena kabla ya kuipokea.

Aliyekuja kuniuliza ni mama bayeri, mwenye parsele ninamopanga hapa Rugenge. Jioni moja umeme ulirudi, seva niliyokuwa naitengeneza chumbani ikaanza kulia feni zake, naye akaja mlangoni kutaka kujua ni kitu gani kinakula umeme yake. Nikamweleza: ndani ya mashini hii moja natengeneza mashini zingine, kila moja inajiona iko peke yake. Ni kama parsele yako, mama. Kiwanja ni kimoja, vyumba ni sita, kila mpangaji na ufunguo wake.

Akacheka. «Ufunguo, ndiyo. Lakini weye mwenyewe unalala mule ndani, unajua ukuta haifike ku bati.»

Ni kweli. Katika nyumba yetu kuta za kutenga vyumba zinaishia kwenye mbao. Juu ya mbao ni hewa moja tu chini ya bati moja. Jirani akikohoa unamsikia, akikaanga ndakala unajua kabla ya yeye kuonja. Paka anapita kutoka chumba cha kwanza hadi cha sita bila kutumia mlango hata mmoja.

«Sasa ukuta ya mashini zako,» akauliza, «yenyewe njo inafika ku bati?»

Nikamjibu «ndiyo, mama», kama nilivyoandika. Usiku ule sikulala vizuri. Nikaanza kutafuta, na nilichokutana nacho cha kwanza ni habari ya VENOM. Nataka tuisome pamoja kama maandishi, maana ilivyosimuliwa inatufundisha karibu sawa na kosa lenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya kitu. Mashine pepe ni programu inayojifanya ordinatere nzima. Mfumo unaokaa ndani yake, Windows au Linux, unataka kuona disiki, kioo, kibodi, kadi ya mtandao. Vyote hivyo havipo. Kuna programu ya chini inayoigiza vyote, ikipokea maombi na kujibu kama vile chuma ingejibu. Programu inayojulikana sana kwa kazi hiyo ni QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Na kwa sababu ilifanya kazi vizuri na chanzo chake kiko wazi, wengine walichukua sehemu zake: Xen, KVM, VirtualBox. Kwa hiyo ufa ukipatikana katika QEMU, unakuwa katika nyumba nyingi zilizojengwa na mafundi ambao hawajawahi hata kuonana.

Tarehe 13 Mei 2015, Jason Geffner, mtafiti wa kampuni ya usalama ya Marekani inayoitwa CrowdStrike, alitangaza ufa kama huo. Katika orodha ya dunia ya makosa ya programu unaitwa CVE-2015-3456. Uko wapi? Katika sehemu inayoigiza kisomeo cha disketi.

Wadogo zangu ambao hamjawahi kuishika: disketi ni kale kamraba ka plastiki ambako picha yake bado iko kwenye kitufe cha kuhifadhi. Ilikuwa inabeba megabaiti 1.44, isingetosha hata picha moja nzuri ya simu yako. Mwaka 2015 hakuna mtu mwenye akili zake aliyekuwa anakodi seva ili apate kutumia disketi. Lakini QEMU iliendelea kuigiza kisomeo chake, juu zamani mifumo ilikuwa inakitafuta.

Ufa ulifanya kazi hivi. Mashine ya ndani inatuma amri kwa kisomeo, baiti moja baada ya nyingine. Kisomeo kinaziweka katika kisanduku chenye nafasi 512. Amri ikiisha, hesabu inarudi mwanzo na kisanduku kinatumika upya. Lakini kwa amri mbili hivi, hesabu ilikuwa hairudi mwanzo kama inavyopaswa. Mtu aliyejua angeweza kuendelea kutuma: baiti ya 513, ya 514, ya 600. Kisanduku kimejaa, programu inaendelea kuandika nje yake, juu ya memwari ya kitu kingine. Kwa uchache mashine inaanguka. Kwa ubaya zaidi, mtu wa ndani anaandika pale maagizo yake mwenyewe, na QEMU inayatekeleza kwenye seva ya chini. Kutoka pale njia ya kwenda vyumba vingine iko wazi.

Ili kufanya hivyo ilibidi uwe na ruhusa kubwa ndani ya mashine yako. Hiyo si kizuizi kikubwa, maana kila anayekodi mashine pepe anapewa ruhusa hiyo siku ya kwanza. Na hata kama fundi aliondoa disketi kwenye mashine ya mteja, katika Xen na QEMU kosa lingine lilifanya sehemu ile ya programu ibaki hai. Mlango ulifungwa kwa mbele, kwa nyuma umebaki na komeo lililolegea.

Kosa liliingia mwaka 2004. Miaka 11 lilikaa pale, chanzo kikiwa wazi kwa kila mwenye macho. Dawa yake ilikuwa mistari michache: kabla ya kuandika, hakikisha nafasi haipiti ukubwa wa kisanduku. Basi.

Sasa tuje kwenye uhakiki.

Angalia jina. VENOM ni sumu, sumu ya nyoka. Herufi zake zinasimama kwa maneno matano ya Kiingereza, na ukiyasoma unaona wazi kwamba sumu ilichaguliwa kwanza, maneno yakatafutwa baadaye ili yaingie. Jina likapewa picha yake ya nyoka na ukurasa wake. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2014, kosa la Heartbleed lilitoka na jina na moyo unaovuja damu, dunia nzima ikalijua. Tangu pale makosa makubwa yanabatizwa kama albamu za muziki. VENOM ilipotoka, kuna magazeti yaliyoandika kwamba ni kubwa kuliko Heartbleed.

Haikuwa. Heartbleed ilikuwa inamruhusu mtu yeyote, popote alipo, achote memwari ya seva bila hata kujiandikisha. VENOM ilitaka uwe tayari umo ndani ya parsele. Siku ya kutangazwa hapakujulikana mtu yeyote aliyeshambuliwa nayo. Amazon walisema wateja wao hawako hatarini. Mwandishi akishapewa nyoka, ni vigumu kwake kuandika habari ya fundi aliyesahau kuhesabu.

Lakini kati ya yale maneno matano, moja linasema ukweli mtupu, nalo ni lile la tatu, linalomaanisha kupuuzwa. Hilo ndilo lingekuwa jina. Nyoka anatoka porini, anaingia kwako bila kosa lako, unapiga kelele, majirani wanakuja na fimbo. Disketi haikutoka porini. Ilikuwa chini ya kitanda chetu miaka 11, tunafagia hadi ukingo wa kitanda na kurudi. Picha ya nyoka inatupa adui. Neno kupuuza linatupa kazi ya kufanya, na labda ndiyo sababu halikuwekwa kwenye picha.

Nikosoe bila kudhulumu. Tangazo lenyewe, ukiacha magazeti, lilikuwa na mambo mazuri. Watengenezaji walijulishwa kabla, kwa hiyo siku ya habari dawa zilikuwa tayari. Lilisema wazi nani ameguswa na nani hakuguswa: VMware na Hyper-V hazimo. Lilisema kwamba hakuna shambulio linalojulikana. Mtu aliyelisoma kwa utulivu alijua la kufanya. Wengi wetu hatukusoma tangazo, tulisoma kichwa cha habari.

Na kuna jambo ambalo waandishi wa tangazo wasingeweza kulijua. Tarehe 19 Julai 2024, CrowdStrike ileile ilituma faili ya kusasisha programu yake ya ulinzi, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zikaanguka. Ndege zikabaki chini, hospitali zikaahirisha kazi. Sababu iliyotolewa na kampuni yenyewe: programu ilitegemea sehemu 20 za data, ikaelekezwa kusoma ya 21, ikasoma nje ya mpaka wa memwari. VENOM ilikuwa kuandika nje ya kisanduku, hii ilikuwa kusoma nje yake. Familia ni moja. Siyasemi haya kwa kucheka. Nayasema juu ya sisi tunaopenda kugawa watu kuwa mafundi wazuri na mafundi wabaya. Aliyegundua kuhesabu vibaya kwa mwingine, nyumba yake mwenyewe ikahesabu vibaya.

Sasa neno la pili la kuhakiki, nalo linatuhusu sisi watu wa Kiswahili zaidi. Wataalamu wanaita mashine ya ndani mgeni, na seva ya chini mwenyeji. Kifaransa tunachosomea kinaongeza utani wake, maana neno hôte linaweza kuwa mwenyeji au mgeni, unaachiwa wewe kuchagua. Lakini tubaki kwenye Kiswahili. Sisi tunasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ni baraka. Ni mtu unayemjua au umeletewa na unayemjua, anakula unachokula, unamwona anapoingia na anapotoka. Akikaa sana unampa jembe.

Mashine pepe kwenye seva ya kukodi hafanani na huyo hata kidogo. Ni mpangaji. Amelipa, amefunga mlango wake, huna haki ya kuingia, humjui jina wala kazi. Jirani yake pia hamjui. Na hapa ndipo neno mgeni linapotudanganya kabisa: habari ya mgeni na mwenyeji ina watu wawili tu. Mgeni mbaya kamtenda mwenyeji vibaya. Ni ugomvi wao, watajuana. Ukiandika kwamba mgeni anaweza kumwangusha mwenyeji, umeandika sawa kwa ufundi, lakini umemtoa mtu wa tatu, naye ndiye anayeumia.

Mtu wa tatu ni mpangaji wa chumba cha pili. Hajafungua faili mbaya, hajatoa siri ya nywila, hajakosea kitu. Amelala kwake. Kosa lake ni kukaa chini ya bati moja na mtu asiyemchagua. Mama bayeri alimwona huyo mtu wa tatu kwa dakika moja, juu yeye akifikiria ukuta hafikirii nyumba yake, anafikiria ugomvi wa mpangaji na mpangaji ambao utaishia kwenye baraza lake saa kumi na moja asubuhi. Mimi na juri yangu hatukumwona katika kurasa 60.

Mtaniambia: kaka, haya ni mambo ya wingu la Wazungu, Uvira yanatuhusu nini? Majibu ni mawili.

La kwanza, hata hilo wingu si la mbali kama mnavyodhani. Huduma ya Amazon ya kukodisha mashine pepe, EC2, iliyofunguliwa mwaka 2006, ilitengenezwa na timu iliyokuwa Cape Town, Afrika Kusini, juu ya Xen, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Vijana wa bara letu walikuwa ndani ya kazi hii tangu msingi.

La pili ni lile lililoninyima usingizi. Seva niliyokuwa nayo chumbani ilikuwa ya shirika moja dogo la mji. Mashini ya mkono wa pili, imepita Kavimvira ikitoka Bujumbura, imefungwa kwa blanketi. Kwa kuwa pesa ilitosha seva moja, nilifanya kama TFC yangu ilivyofundisha: KVM, na juu yake mashine tatu. Ya kwanza ya hesabu. Ya pili ya daftari la watu wanaosaidiwa: jina, avenue, ugonjwa, na kwa wengine kijiji walichokimbia huko Hauts-Plateaux. Ya tatu nilipewa ruhusa kuitumia kufundishia wastajeri, na ili wajifunze vizuri niliwapa nywila kubwa ya mashine hiyo. Kila mmoja wao alikuwa na ruhusa ileile ambayo VENOM inaomba.

Nilikuwa nimeiweka Linux kutoka DVD ya kunakiliwa, Ubuntu 14.04, ya Aprili 2014. Mwaka mzima kabla ya tangazo. Dawa ya VENOM ilikuwa imetolewa zamani, tena bure, lakini dawa inapita kwenye intaneti, na intaneti kwetu ni mega unazonunua kwa pesa yako. Nani ananunua mega kusasisha kitu kinachotembea? Nilikuwa nasema: haijaharibika, tusiiguse.

Tena kulikuwa na uzio wa pili. Ubuntu inaweka kitu kinachoitwa AppArmor, kinachoifungia kila mashine pepe kwenye faili zake tu, ili hata mtu akitoboa QEMU asifike mbali. Wale wa Red Hat wana uzio wa namna hiyo pia. Hii ndiyo sehemu ya habari ya VENOM ambayo haikupata picha wala jina, na ndiyo nzuri kuliko zote: kulikuwa na watu waliokubali mapema kwamba ukuta wa kwanza unaweza kutoboka, wakajenga wa pili kabla ya kujua utatobokea wapi. Mimi uzio ule nilikuwa nimeuzima. Nilizihamisha disiki kwenye folda nyingine, AppArmor ikakataa, nikakasirika, nikaiondoa. Ilinichukua dakika mbili. Katika TFC nilichora mchoro mzuri wa kuta tatu.

Usiku ule nilizima mashine ya wastajeri. Siku iliyofuata nilimwendea msimamizi wa shirika, nikamwambia kila kitu. Hakuelewa baiti 512, lakini alielewa daftari. Aliuliza swali moja tu: «Majina ya watu iko wapi sasa?» Tukanunua mega za usiku, nikasasisha kwa usiku tatu, umeme ukikatika narudia. Nikarudisha AppArmor. Daftari tukalihamishia kwenye laptopu ya zamani isiyopangisha mtu, ndani ya kabati yenye kufuli. Niliangalia rekodi za mashine, sikuona alama ya mtu aliyepita. Nafurahi, lakini sijidai, maana anayepita juu ya ukuta haachi alama mlangoni.

Nyinyi mnajua majina yale ni nini. Katika mji wetu orodha ya watu, na ugonjwa wao, na walikotoka, si karatasi tu. Watu waliitoa kwa kuamini. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba jina lake litalala chumba cha pili karibu na wanafunzi wenye ufunguo mkubwa. Hao ndio mtu wa tatu.

Wala msidhani VENOM ilikuwa ajali moja ya zamani. Mwaka 2009 Kostya Kortchinsky alionyesha njia ya kutoka ndani ya mashine ya VMware kupitia sehemu inayoigiza kadi ya kioo. Oktoba 2015, miezi mitano tu baada ya VENOM, Xen walitangaza kosa lililokaa miaka 7 katika namna ya kusimamia memwari, nalo lilimpa mgeni seva yote. Machi 2017, kwenye mashindano ya Pwn2Own kule Vancouver, timu ya Qihoo 360 ilianzia kwenye kivinjari ndani ya mashine pepe ya VMware ikafika kwenye seva ya chini, ikazawadiwa dola 105,000. Na tarehe 4 Machi 2025, Broadcom, iliyoinunua VMware mwaka 2023, ilitangaza makosa matatu ya namna hiyo, yakiwa tayari yanatumiwa na washambuliaji. Siku ile hapakuwa na kusema kwamba hakuna shambulio linalojulikana.

Angalieni mahali penyewe: kioo, disketi, memwari. Karibu kila mara ukuta unatoboka pale ambapo programu inajifanya chuma. Kila kifaa tunachoigiza ni dirisha moja zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi lingekuwa: ni vifaa gani mashine hii inaviona bila kuvihitaji? Ondoa. La pili: ukuta huu ulisasishwa lini? La tatu: ukitoboka, kuna nini nyuma yake? La nne, lile la mama bayeri: nani analala upande wa pili, na yeye alikubali?

Maswali haya hayahitaji doktora. Yalihitaji juri moja kuuliza umejuaje, na mwanafunzi mmoja kukubali kwamba hajui. Nimesoma TFC nyingine nne za wadogo zangu mwaka huu. Sentensi yangu iko katika tatu. Moja imeiongezea neno «daima». Siwalaumu, mimi ni mmoja wa waliowapa noti ile. Lakini tunapoandika faida bila kuandika ukuta umejengwa na nini, tunafanya kazi ya muuzaji, na bango la muuzaji halihitaji miaka mitatu ya chuo.

Nimeiandika upya sentensi yangu. Kitabu kiko maktaba, hakibadiliki tena, basi naiacha hapa: «Mashine pepe zinazokaa juu ya seva moja zinatenganishwa na programu iliyoandikwa na watu, yenye makosa ambayo mengine hayajagunduliwa. Utengano huo unadumu kadiri programu inavyosasishwa, vifaa visivyohitajika vinavyoondolewa, na ukuta wa pili unavyoachwa kazini. Data ambayo kupotea kwake kunaweza kumdhuru mtu isikae juu ya seva moja na mashine ya mtu asiyejulikana.»

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na haifai kwenye orodha ya faida. Anayetaka kuinakili kwenye TFC yake anaruhusiwa, ila aende kwanza kwenye seva aliyoiweka yeye mwenyewe, aangalie tarehe ya mwisho ya kusasisha.

Mama bayeri nilimrudia baadaye, nikamwambia nilimdanganya, ukuta ya mashini zangu haikuwa inafika ku bati. Hakushangaa. Alisema hata yeye amepanga kuongeza matofali kwenye vyumba vya nyuma mvua ikipungua, na akaniuliza kama mwezi huu nitalipa mapema.